Nimeuza viti na meza kwa halmashauri ya wilaya: tenda iko sawa, malipo ndo yanaharibu kila kitu

Kama una karakana ya kuchomelea, duka la steshenari, hadiwea au kampuni ndogo ya usafi na unajiuliza kama kuna faida kuomba tenda za halmashauri za wilaya huku kwetu kanda ya kati, hii naandika kwa ajili yako. Mi nachomelea na kuuza samani hapa Dodoma mjini, upande wa Nkuhungu, na nimeshauza viti na meza za wanafunzi kwa halmashauri moja ndogo ya wilaya, sio mara moja. Jina naliacha, nia yangu sio kumchafua mtu, nataka ujue huduma yenyewe ikoje ukiwa upande wa muuzaji.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa tano kasoro kidogo kama wangekuwa wanalipa kwa wakati, na hicho ndo kiini cha yote nitakayosema hapa. Tenda siku hizi zinashindaniwa kwa haki kuliko watu wengi mtaani wanavyoamini. Ushindani unakuja kufa baadaye kwenye malipo, na ukishafia pale unaua mpaka tenda ya mwaka unaofuata, sababu wenye uwezo wa kutengeneza kitu kizuri kwa bei nzuri wanaacha kuomba, wanabaki wenye uwezo wa kusubiri tu.

Nianze na pazuri maana wanastahili.

Waliokuwepo enzi za sanduku la zabuni wanaelewa. Tangazo liko gazetini au limebandikwa kwenye ubao wa halmashauri huko makao makuu ya wilaya, unapanda basi unaenda kununua kabrasha la zabuni kwa hela ambayo hairudi hata ukishindwa, unarudi nyumbani unajaza kwa peni, unapiga nakala kibao, unafunga bahasha na lakiri, unapanda basi tena kwenda kuitumbukiza, alafu siku ya kufungua unaenda tena kusikiliza bei zinasomwa. Nauli peke yake ilikuwa inawatoa watu. Na aliyekuwa anakaa karibu na ofisi alikuwa na nafasi kubwa kuliko we wa mbali, hata kama hakuna mtu aliyemnong'oneza chochote. Ikaja TANePS, mfumo wa kuomba tenda kwa mtandao, alafu mwaka 2023 ikaja NeST iliyochukua nafasi yake, ambayo imejengwa na wataalamu wetu wenyewe hapa nchini, na ndo tunayotumia mpaka leo. Kuanzia wizara pale Mtumba mpaka halmashauri ya mbali kabisa wote wananunua humo humo, na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, yaani PPRA, ndo wasimamizi.

Kwa mtu mdogo kama mimi hii kitu imebadilisha mambo kweli. Unajisajili kwa TIN yako, mfumo unasomana na TRA na BRELA wanaosajili kampuni, kwahiyo habari ya kubeba vyeti vya kugonga mihuri imepungua sana, unaona tenda za Kongwa, Bahi, Chemba, Manyoni, Ikungi ukiwa umekaa karakana kwako, unaomba usiku watoto wamelala. Bei uliyoweka haionekani na mtu mpaka muda wa kufunga upite, alafu zinafunguka zote kwa pamoja. Hilo ndo nalipenda kuliko yote, maana zamani maneno yalikuwa hayaishi, fulani kaonyeshwa bei ya fulani, kweli au uongo we hujui, na ukishaanza kuwaza hivo hata kuomba unaona unajisumbua.

Na kitu watu wengi hawajui, ukishindwa unaambiwa. Kabla mkataba haujasainiwa kila aliyeomba anapata notisi ya kusudio, inasema nani anataka kupewa, kwa bei gani, na we umetoka kwa sababu gani. Usiporidhika una siku chache za kazi za kulalamika kwa afisa masuuli, ambaye kwenye halmashauri ni mkurugenzi mwenyewe, na akikujibu vibaya unapanda mpaka Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na siku hizi hayo malalamiko unayatuma humo humo kwenye mfumo. Tenda moja nilikosa, nikafungua notisi nikaona bei ya aliyeshinda iko chini ya yangu, nikapiga hesabu za mbao na vyuma nikaona inawezekana kabisa ukinunua mzigo moja kwa moja Mafinga badala ya kununua kwa wachuuzi wa hapa mjini. Sikuwa na kinyongo. Mtu akishinda hivo unajifunza kitu na unaendelea na kazi.

Angalizo moja dogo kwa wageni: kuna vijana wa steshenari wanakujazia tenda kwa malipo, wengine ni wazuri sana na wanaujua mfumo kuliko hata maafisa, lakini neno la siri baki nalo mwenyewe. Akaunti yako ya NeST ndo saini yako. Mtu akiingia humo akaomba tenda kwa jina lako na kampuni yako ikashindwa kuleta mzigo, atakayefungiwa ni we, sio yeye.

Sasa tuje kwenye mahitaji yenyewe, maelezo ya kitu wanachotaka kununua, hapa halmashauri ndo inaonekana kama ina mtu anayejua kazi au haina.

Mwaka wa kwanza niliona tenda imeandikwa hivi hivi, viti na meza za wanafunzi wa sekondari, imara, zenye ubora. Basi. Sasa imara ni nini jamani? Skwea paipu zipo za unene wa gauji 20, 18 na 16, na ukizipanga dukani zote zinang'aa sawasawa, mtu asiyejua hawezi kutofautisha kwa macho. Lakini gauji 20 unene wake ni kama milimita moja tu, ukiichomelea kwenye maungio inatoboka au inachomelewa juu juu, mwanafunzi wa kidato cha nne akiegemea nyuma na kiti kikabaki kwenye miguu miwili, maungio ya nyuma yanaachia ndani ya muhula mmoja. Gauji 16 ni milimita moja na nusu hivi, hiyo inabeba. Tofauti ya gharama kwenye seti moja sio kubwa ukiitazama peke yake, lakini kwenye tenda ambayo mwenye bei ya chini ndo anashinda, mwenye gauji 20 atakupita kila siku, na kisheria hajakosea kitu sababu hakuna mahali wameandika gauji.

Kwahiyo usimlaumu aliyeshinda. Laumu karatasi. Kamati ya tathmini inafanyia kazi kilichoandikwa, haiwezi kumtoa mtu kwa kitu ambacho hakikuombwa, na ikijaribu anakata rufaa na anashinda. Mambo yote yanaamuliwa mapema, siku idara ya elimu inapopeleka mahitaji kwenye kitengo cha manunuzi, na kama pale hakuna aliyemuuliza fundi au mhandisi wa halmashauri basi umeshanunua chuma chakavu cha mwaka kesho.

Mwaka uliofuata wale wale walibadilika na nikafurahi mno, hapa lazima niwape sifa zao. Waliandika kila kitu, skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.5, mbao ngumu iliyokauka, sio paina mbichi, kingo zimepigwa msasa, rangi ya kuzuia kutu kwanza ndo rangi ya juu ifuate, miguu ina vizibo vya plastiki ili isikwangue sakafu, na urefu wa kiti na meza kwa vipimo. Walioomba tulipungua, ni kweli, lakini tuliobaki tulikuwa tunashindana kwa kitu kimoja, bei yangu na bei yako zinalinganishika. Huo ndo ushindani.

Na mapokezi yao nayo yalikuwa mazuri. Kamati ya ukaguzi na mapokezi haikuwa ya kusaini tu. Alikuwepo mwalimu, alikuwepo mtu wa idara ya ujenzi na kipimo chake cha kupimia unene, wakachagua viti kutoka katikati ya mzigo, sio vile vya mbele nilivyovipanga mimi, wakapindua, wakaangalia maungio chini ambako rangi haifichi, mwalimu akakaa akajitikisa kweli kweli. Wengine wanaona huo ni usumbufu. Mi naona kama wanakagua wote hivo basi yule wa gauji 20 hatarudi tena, na anayefanya kazi safi analindwa. Kwenye vitu vyote nilivyoviona pale, hiyo asubuhi ya ukaguzi ndo iliyonipa imani zaidi na halmashauri.

Baada ya hapo ndo safari ya malipo ikaanza.

Ukishapokelewa mzigo unapewa hati ya mapokezi, unaambatanisha na invoisi, noti ya makabidhiano, nakala ya mkataba au LPO, yaani oda yao ya kununua, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Simama kidogo hapo kwenye risiti. Wanakuambia leta risiti ya EFD ndo faili liende, yaani unatoa risiti ya hela ambayo hujapokea. TRA mashine yao inasoma umeuza. Wewe mfukoni huna kitu. Mwaka wa kodi ukiisha na hela haijaingia, unakadiriwa kwa mauzo ambayo bado yamekaa kwenye faili ofisini kwa mtu. Nimeongea na wenzangu wa steshenari wanasema na wao wanaombwa hivo hivo kwenye ofisi zao. Hii kitu inabidi iishe, invoisi inatosha kabisa kuanzisha malipo, risiti itolewe siku hela imeingia, mbona dukani ndo tunavyofanya.

Alafu unasubiri. Mwezi wa kwanza unaambiwa faili liko kwa mkaguzi wa ndani. Ukipiga simu tena liko kwa mweka hazina. Ukienda mwenyewe, yule dada wa manunuzi ambaye kusema kweli ni mtu mzuri na anajibu simu, anakuambia, "Fundi, mzigo wako hauna tatizo lolote, ila fungu halijajaa, vuta subira kidogo." Nikamuuliza kidogo ni lini, akasema hata yeye hajui, na nikaona usoni anasema ukweli.

Ndo nikaanza kuulizia hela yenyewe inatoka wapi, na hapa naomba usome vizuri kama unataka kuingia kwenye hizi tenda. Halmashauri ina mifuko miwili mikubwa. Kuna hela inayoshuka kutoka serikali kuu na miradi, hiyo ikitumwa inakuja ikiwa na jina lake, ya madarasa ni ya madarasa, ya samani ni ya samani, ipo kwenye akaunti wakati tenda inatangazwa, au inakaribia. Na kuna mapato ya ndani, ushuru wa mazao, ushuru wa minada ya ng'ombe, leseni, vibali, kodi za vibanda. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwishoni mwa mwaka inaishia kama mwezi wa nne, mavuno ni kuanzia mwezi wa tano. Kwahiyo halmashauri ndogo inayotegemea alizeti na mtama, ukiipelekea mzigo mwezi wa pili kwa hela ya mapato ya ndani, ujue unaikopesha mpaka geti la ushuru lianze kukusanya. Mvua ikikataa, kama inavyotokea sana Dodoma na Singida, umeikopesha mpaka mwaka mwingine. Hakuna mtu mbaya hapo katikati. Bajeti ilipitishwa kwenye baraza la madiwani kwa makadirio, makadirio hayakufika, lakini manunuzi yalishafanyika kama vile yamefika.

Na upande wa pili kuna Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, hela ya serikali kuu ambayo haijatumika ina hatari ya kurudi, basi mwezi wa tano na wa sita zinamwagika tenda za siku chache, leta kesho, leta kesho kutwa. Karakana inayofanya kazi kwa mpangilio haiwezi kutengeneza seti 200 nzuri kwa wiki moja na nusu, mbao inataka kukauka, rangi inataka kukauka. Anayeweza ni mwenye mzigo umelala stoo, na mzigo uliolala stoo mara nyingi ni ule wa gauji 20. Mpango wa manunuzi wa mwaka upo, sheria inawataka wawe nao na wautangaze, ukiusoma unaona samani zimepangwa robo ya kwanza, alafu tenda inatoka robo ya nne.

Sasa ngoja nipige hesabu, za mfano tu, ili muone kuchelewa kunavyokula hela ya umma. Tuseme seti ya kiti na meza mteja akija Nkuhungu na hela mkononi namuuzia 85,000. Seti 200 ni milioni 17. Vifaa tuseme milioni 12, sina, nakopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, hiyo ni 360,000 kila mwezi, nikisubiri miezi sita ni 2,160,000. Usafiri mpaka wilayani na kushusha kwenye shule tofauti, weka 600,000. Alafu halmashauri ikilipa inakata asilimia 2 ya kodi ya zuio, ambayo kweli inahesabika kwenye kodi yangu baadae lakini siku hiyo haipo mkononi, weka 400,000. Jumla imeshavuka milioni 20, yaani seti moja ni zaidi ya laki moja. Sijaongeza hata shilingi ya tamaa.

Ndo maana ukisikiliza madiwani kwenye vikao wanalalamika kwamba bei za kwenye mfumo ziko juu kuliko za dukani, na walimu wakuu na waganga wafawidhi wanasema hivo hivo kwa sababu siku hizi hata shule na zahanati wananunua kupitia NeST, wanaona mfuko wa simenti au kiti kimepanda ghafla kisa kimepitia kwenye kompyuta. Waheshimiwa wana haki ya kuuliza, ni hela za wananchi, na wao kwenye bodi ya zabuni hawakai kwahiyo hapo barazani ndo sehemu yao ya kuuliza. Lakini sehemu kubwa ya hiyo tofauti sio mfumo wala sio wizi wa muuzaji. Ni bei ya kusubiri. Nilipe ndani ya mwezi mmoja, ile riba inabaki 360,000, seti inarudi karibu na 90,000, na nakuhakikishia mafundi wote wa Nkuhungu na Kizota wanaokimbia hizo tenda leo watarudi kuomba na bei itashuka zaidi sababu tutakuwa wengi.

Kuna kundi linaloumia kuliko mimi. Sheria inataka kila taasisi itenge asilimia 30 ya manunuzi yake kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na hilo ni jambo zuri kweli. Halmashauri hiyo hiyo inatoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Sasa nawajua vijana wa kikundi kimoja cha kuchomelea, walikopeshwa na halmashauri wakanunua mashine na jenereta, wakapewa na tenda ya madirisha kwenye ile asilimia 30, wakafanya kazi vizuri tu, mi mwenyewe niliiona. Hela ya madirisha haijatoka, na marejesho ya mkopo yanadaiwa kila mwezi. Yaani wanadaiwa na ofisi ile ile wanayoidai. Afisa maendeleo ya jamii anawafuata wakalipe, wanamwambia dada yetu tulipeni kwanza na sisi tuwalipe, anasema mimi siko kitengo cha malipo. Kikundi kimeanza kuvunjika, mmoja kaenda kutafuta maisha Mererani. Mpango wa mikopo na mpango wa manunuzi vyote viko jengo moja, ghorofa moja, na hakuna mtu aliyekaa mezani akavikutanisha. Hii inaniuma kuliko hela yangu mimi.

Na kusubiri ndo kunaleta rushwa, tusifichane. Wakati wa tenda sikuombwa hata mia na mtu yeyote, nasema kwa moyo safi. Lakini faili likishakaa miezi, inaanza kupigwa simu na mtu ambaye hata sio wa manunuzi, anajifanya anakuonea huruma, anakuambia kuna namna ya kulisukuma. Nilikataa, na TAKUKURU wapo wilayani na mlango wao uko wazi. Lakini mtu mwenye mkopo unaomnyonga shingo kila mwezi ana nguvu ya kukataa mara ngapi? Tumejenga mfumo mzuri sana wa kuzuia rushwa pale mwanzo ambapo bei inawekwa, alafu huku mwisho ambapo hela inatoka tumeacha giza.

Ninachokiomba sio kikubwa. Kama bei zetu zote zinafunguka hadharani, basi na foleni ya malipo ifunguke. Nikiingia kwenye akaunti yangu nione invoisi yangu imepokelewa tarehe fulani, iko hatua fulani, kuna wangapi mbele yangu na wao waliingia lini. Aliyetangulia alipwe kwanza. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kila mwaka anaandika kuhusu madeni ya wazabuni kwenye halmashauri, kila mwaka, lakini yeye anakuja mambo yameshaharibika, sisi tunataka kuona wakati faili bado linatembea. Na mkurugenzi asiruhusu tenda itangazwe kwa mapato ya ndani ambayo hayajakusanywa. Bora kununua viti 60 na kuvilipia kuliko viti 200 vya kudaiwa.

Kwa anayetaka kujaribu, mi simkatazi, jiandikishe NeST hata leo, ila kabla hujaweka bei soma kwenye nyaraka za zabuni chanzo cha fedha ni kipi. Piga simu kitengo cha manunuzi uulize kama hela imeshaingia, wanajibu, sio siri. Ongea na waliouza mwaka jana. Angalia kama maelezo ya kitu yana vipimo, yakiwa ya maneno matupu achana nayo. Na usikope hela yote ya mzigo, omba ukubwa unaoweza kuubeba hata usipolipwa msimu mzima.

Mi hapa nimeona tenda mbili mpya za samani. Moja ni ya hela za mradi wa sekondari, vipimo vimekaa vizuri, naiomba. Ya pili ni mapato ya ndani ya wilaya ambayo mvua za mwaka huu hazikuwakalia vizuri, hiyo nimeiacha.